Kibera Si Kawangware

Kuna imani iliyokita mizizi katika ofisi za mashirika, na hata serikalini: mradi wa kupambana na uhalifu ukishafaulu Kibera, Nairobi, utafaulu kila mtaa wa mabanda. Mtafiti anazungushwa Laini Saba na Gatwekera, vijiji vya Kibera, na mzee wa kijiji, dodoso mkononi, kisha ripoti inatoka ikisema habari za "mitaa duni" yote. Mtaa wa Kawangware hakukanyaga.

Wataalamu wa uhalifu huuliza maswali mawili. Uhalali wa ndani: je, unachodai kimepunguza wizi ndicho kweli kilichoupunguza? Uhalali wa nje: matokeo hayo yatasimama kwingine? Sisi hurukia la pili na la kwanza halijajibiwa.

Chukua 2014, vijana wa Kibera walipolipwa na Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) kuzibua mitaro, kujenga vyoo na kutengeneza barabara. Ikavuma kwamba uporaji umepungua. Haya, ulipunguzwa na nini? Ujira? Barabara inayopitika kwa gari la polisi? Au ni vile vijana walikuwa kazini saa walizozoea kukaa maskani? Na waporaji waliacha, au walihamia mtaa wa pili? Mambo yote yalikuja kwa pamoja. Bila eneo la kulinganisha, anayejibu anabahatisha.

Hesabu nayo ni kizungumkuti. Miaka nenda miaka rudi tuliambiwa Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikapata 170,070. Gawanya visa vilevile vya wizi kwa idadi ya kwanza, halafu kwa ya pili: kiwango cha uhalifu kinapanda karibu mara 6, na hakuna mwizi hata mmoja aliyeongezeka.

Sasa vuka Ngong Road. Kibera imekaa kwa sehemu kubwa kwenye ardhi ya serikali, wenye nyumba wengi hawana hati, na milango inaangalia kichochoro. Kawangware ploti nyingi ni za watu binafsi. Wapangaji hupitia geti moja, na mwenye ploti au mtu wake anajua nani karudi saa ngapi. Mlingoti wa taa za mulika mwizi unamulika njia. Ndani ya geti hauoni kitu.

Marekani walishaumwa na nyoka huyu. Mapema miaka ya 1980, jaribio la Minneapolis lilionyesha kwamba mume anayempiga mkewe akikamatwa, hupunguza kurudia. Majimbo mengi yakakimbilia kutunga sheria. Jaribio liliporudiwa Omaha, matokeo hayakuonekana. Na lile lilikuwa jaribio la kura ya bahati nasibu, si ripoti ya warsha hotelini!

Anayetaka kunishawishi kuhusu Kawangware aanzie steji ya matatu za 46. Apige kura ploti zipi zipate mradi, na zilizokosa azihesabu vilevile, mwaka mzima.