Muda wa kumdai mthamini fidia uanze lini?

Benki ikikopesha kwa kutegemea ripoti ya mthamini mzembe, mara nyingi hasara hujificha mpaka nyumba inapopigwa mnada. Nchini Kenya, sheria inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba na 3 tu kwa madai ya uzembe. Uingereza imetumia busara zaidi: katika kesi za uzembe, sheria ya 1986 iliongeza, juu ya miaka 6 ya kawaida, nafasi ya miaka 3 tangu mdai alipojua kasoro au alipopaswa kuijua, ila si zaidi ya miaka 15 tangu uzembe utendeke. Wathamini watalalamika kwamba wataishi na hofu isiyokwisha. La hasha, ukomo huo ndio kinga yao. Wala benki iliyolala haibebwi, kwa kuwa muda huhesabiwa tangu ilipopaswa kujua. Bunge la Kenya lifuate njia hiyo.