Fundi wa Kilosa anunue upepo, si mtungi

KUKWANGUA kutu kwa msasa na brashi ya waya kunakula siku nzima ya fundi, na hakuna mteja anayelipia jasho hilo. Ndiyo maana mashine ya kupiga mchanga inawavutia wenye karakana za nyumbani. Chuma kikisafishwa vizuri, rangi hushika na kudumu, na fundi anaweza kudai bei nzuri zaidi.

Kazi za namna hiyo zipo. Mikumi iko kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kuelekea Iringa na Zambia, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Kidatu kwenye mashamba ya miwa. Huko kuna rimu na matrela ya kusafisha. Upande wa Kilosa kuna plau, matrela ya matrekta na mashine za kusaga nafaka.

Tatizo huanzia dukani. Mnunuzi anayefika Gerezani, Kariakoo, huonyeshwa kompresa yenye mtungi mkubwa unaong'aa, akaamini kuwa mtungi mkubwa ni upepo mwingi. Sivyo. Mtungi ni ghala tu. Anayelima ni pampu. Ghala kubwa kwa shamba dogo halimletei mkulima gunia hata moja la ziada.

Hesabu yake ni nyepesi. Nozeli yenye tundu la milimita 3 hula takriban lita 500 za hewa kwa dakika. Kompresa ya pistoni yenye nguvu za farasi 3 hutoa karibu lita 250. Mtungi wa lita 100 ukishuka kutoka baa 8 hadi baa 5 umetoa lita 300 tu. Kwa hiyo baada ya dakika moja na ushee upepo umekwisha, na fundi anasubiri huku mteja akitazama saa.

Kuna mtego mwingine kwenye kibandiko cha mashine. Lita nyingi zinazoandikwa ni zile ambazo pistoni inavuta, si zile zinazotoka kwenye mpira. Tofauti inaweza kufika theluthi moja. Mnunuzi aulize hewa inayotoka, tena kwa shinikizo gani. Akumbuke pia kuwa nozeli hulika: ikipanuka kutoka milimita 3 hadi 4, hewa inayohitajika huongezeka kwa zaidi ya robo tatu.

Kabla ya kukopa, umeme nao utazamwe. Kompresa inayoitosha nozeli hiyo inahitaji nguvu za farasi 5 hadi 7 na nusu, ambazo kwa kawaida hudai umeme wa njia tatu. Nyumba nyingi zina njia moja. Kulazimisha mota kubwa kwenye waya wa mwisho wa kijiji ni kuiunguza. Asiye na njia tatu ana mambo mawili: atumie nozeli ndogo kwa vifaa vidogo huku akikubali kupumzika, au atafute kompresa ya dizeli na kuhesabu mafuta kwenye bei yake.

Hapa ndipo ushirika una maana. Mashine inayofanya kazi siku mbili kwa wiki haiwezi kulipa mkopo wa mtu mmoja, lakini mafundi watano wakichangia, inaweza. Vikundi vya vijana vina mlango wa mikopo ya halmashauri. SIDO nayo ipo kwa ushauri.

Jambo la mwisho halina bei. Mchanga wa Mto Mkondoa ni wa kuchota tu, lakini vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu na kufungua njia ya kifua kikuu. Uingereza ilipiga marufuku kupiga vyuma kwa mchanga viwandani mwaka 1949. Uturuki ilifuata mwaka 2009 baada ya vijana waliokuwa wakichakaza nguo za jinzi kufa. Kitambaa puani hakitoshi. Fundi atumie makapi ya shaba au ganeti, ndani ya kabati lililofungwa, mbali na watoto na majirani.

Ikiwa fedha za kabati na za mchanga salama hazipo kwenye hesabu, basi fedha za kompresa hazijatosha. Heri brashi ya waya msimu mmoja zaidi kuliko deni la mashine na kifua kibovu.