Ukimaliza Willy Gamba, unasoma nini?

Wale mliolinunua gazeti, asanteni. Na wewe unayelichungulia kwenye daladala juu ya bega la jirani, salamu zako pia zipo, ila wiki ijayo nunua lako bwana, shingo itakatika!

Leo naomba tuweke kando mambo ya nani kamwacha nani. Kuna swali ninaloulizwa kila kijiwe ninachokaa: “Kaka, wewe unayeandika magazetini, mimi nisome kitabu gani?”

Anayeuliza huwa ni mmoja kati ya watu wawili. Wa kwanza aliachana na vitabu siku aliyotoka kwenye chumba cha mtihani wa Fomu Foo. Kwake kitabu ni swali la 10 alama 15, basi. Wa pili anasoma kweli, ila kagandia kwa mwandishi mmoja kama mtu anayekula chipsi mayai asubuhi, mchana na jioni. Siku mwandishi huyo akimwishia, naye anakuwa ameishiwa.

Wote wawili dawa yao ni moja. Kitabu hakina tofauti na binadamu, kina ndugu, kina jirani, kina na mahasimu. Ukikipenda kimoja, muulize nani ni ndugu yake. Fuata uzi, utafika.

Tuanze na wazee wa upelelezi, maana najua mko wengi. Umesoma Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, ukamzimia Willy Gamba na bastola yake. Ukaenda naye hadi Kinshasa kwenye Kikosi cha Kisasi. Halafu? Halafu kuna Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa, naye si wa mchezo. Ukiwa na hamu bado, rudi nyuma kwa Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo, ya mwaka 1965. Babu yako huenda aliisoma kwa kibatari!

Lakini usiishie hapo. Vuka maji uende Unguja ukamwone Bwana Msa. Huyu hatembei na bastola. Ana kiko chake na akili yake, na rafiki yake Najum wa kumshangaa. Aliyemtunga ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, na kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 kisha kikachapishwa mwaka 1960. Ukimsoma Bwana Msa utasema, mbona huyu namfahamu? Ndiyo, ni ndugu wa Sherlock Holmes wa Uingereza, yule ambaye Arthur Conan Doyle alimleta duniani mwaka 1887. Umeona? Umeanzia Dar, umepita Unguja, umetokea London, na nauli hujalipa.

Wenye kupenda vya Kizungu mna James Hadley Chase wenu. Kama hamkujua, jamaa alikuwa Mwingereza, na hadithi zake nyingi za majambazi wa Marekani aliziandika kwa kutegemea ramani na kamusi za lugha ya mitaani ya huko. Na sisi tukaapa kwamba ni mtoto wa Chicago!

Tena msidharau hizi za risasi. Willy Gamba anapambana na majasusi wa Wareno na Makaburu. Mambo hayo hayakutoka hewani. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa hapa Dar tangu 1963 hadi ilipofungwa 1994. Kijana anayeanza na Willy kwa ajili ya ngumi anaweza kumaliza akiulizia vitabu vya historia. Nawajua kadhaa.

Sasa twende kwa mzee ambaye wengi mkisikia jina lake mnapiga miayo: Shaaban Robert. Nawaelewa. Mlikutana naye darasani, mwalimu ana fimbo, mnaambiwa “taja dhamira tano”. Hata pilau ukilishwa kwa fimbo utalichukia. Jaribuni kukutana naye nje ya darasa. Huyu alizaliwa 1909 kijiji cha Vibambani, Tanga, akawa karani wa forodha. Sasa mfikirie karani huyo, mchana kwenye majalada ya serikali ya mkoloni, ndiye aliyeandika Kusadikika, nchi inayoelea hewani, ambako kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu mambo ya sheria. Kitabu kizima ni kesi! Wale mnaopenda sinema za mahakamani, hiyo ni yenu, na ni ya mwaka 1951.

Ukitoka hapo chukua Adili na Nduguze, kuna liwali ambaye kila usiku anawachapa manyani wawili. Kwa nini? Sisemi. Ila ukishajua, nenda katafute Alfu Lela Ulela, utakutana na hadithi inayofanana nayo kama pacha. Shaaban Robert alikuwa msomaji kabla hajawa mwandishi, kama waandishi wote wa maana.

Kuna na wale mnaosema, “Mimi kaka ni mtu wa sinema.” Poa tu, hata sinema ni mlango. Mliiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021? Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Yasmin, msichana mdogo, anaozeshwa mzee asiyempenda, anamkimbia, anaangukia kwa Mwajuma, halafu kwa Denge ambaye kazi yake ni kuwasumbua wakoloni. Ukimaliza hiyo chukua Kuli, ya huyo huyo, inayohusu mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Mwaka huo huo wa 1948, kisiwa hicho hicho, alizaliwa Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yeye huandika kwa Kiingereza, lakini riwaya yake ya Paradise ya 1994 imekuja kwa Kiswahili tangu 2022 kwa jina la Peponi, kaifasiri Ida Hadjivayanis. Mtoto Yusuf, miaka 12, anachukuliwa na tajiri kufidia deni la baba yake. Ukianza usiku, kazini utachelewa.

Haya, na umri je? Kuna watu wanaona haya kusoma kitabu cha watoto. Wanaona haya nini? Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ni kijitabu chembamba, kimeandikiwa vijana wa shule. Watoto wa muuza chakula wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, mji unawameza. Mtoto akikisoma ataona vituko. Wewe unayekula kwa mama ntilie kila mchana utakiweka chini ukamtazame upya yule mama anayekukopesha ugali. Au Shamba la Wanyama, ile ya George Orwell ya 1945 aliyoifasiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Mtoto anacheka nguruwe kutembea kwa miguu miwili. Mtu mzima akifika hapo hacheki, anawahesabu nguruwe anaowajua.

Hapo kwenye umri ndipo penye barua niliyoipata. Mama mmoja (jina kapuni) anasema amemkuta binti yake wa Fomu Tuu chini ya mto wa kitanda ana Rosa Mistika, ya Euphrase Kezilahabi. Kaifungua katikati, akakuta mambo ya wanaume na mambo ya ulevi, akaifungia kabatini. Binti hasemi naye siku ya nne sasa. Kitabu chenyewe ni cha kuazima na mwenyewe anakidai. Mama anauliza: “Nikirudishe au nikichome moto?”

Mama yangu, shikamoo. Usikichome. Kwanza si chako. Pili, si wewe wa kwanza kushtuka. Kilipotoka mwaka 1971, mwandishi akiwa kijana wa miaka 27, kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Baadaye kikaruhusiwa, wanafunzi wakakisoma darasani. Wakubwa waliokikataza walikuja kuona kitu ambacho wewe hujakiona, kwa sababu umefungua katikati.

Mama, rudi mwanzo. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mkali wa kupindukia. Binti anapata barua kutoka kwa kijana, baba anampiga, anamchunga, hamwambii neno lolote la maana juu ya wanaume zaidi ya kipigo. Binti anatoka nyumbani kwenda shule hajui lolote, na uhuru umemjia siku moja kama mafuriko. Yanayofuata ndiyo hayo uliyoyakuta katikati. Kezilahabi hasifii umalaya. Anamuuliza Zakaria: ulimfunza nini mwanao ulipokuwa umemfungia?

Sasa mama, kabati limefungwa, binti hasemi. Sikulaumu, mzazi ana haki ya kuogopa. Lakini naomba ufanye hivi. Kitoe, kisome chote, siku tatu zinatosha. Kisha kaa na binti jikoni, msiangaliane sana, wewe chambua mchele yeye akate vitunguu, muulize: “Rosa alikosea wapi?” Usimjibie. Ukishasikia anayowaza, mama, utakuwa umejua mengi kuliko kupekua mito miaka mitatu. Mkimaliza, mwazimie Hatia, mchezo wa Penina Muhando wa mwaka 1972, wa binti aliyepata mimba. Someni wawili, mmoja awe binti, mwingine awe hao wengine wote. Halafu kirudishe cha watu!

Sisemi kila kitabu kinafaa kila mtoto. Kichwamaji, ya huyo huyo Kezilahabi, simpi mtoto wa miaka 14, si kwa sababu ya matusi, ila kwa uzito wake. Itamwelemea na hataielewa. Kitabu kina wakati wake, na anayeujua wakati huo ni mtu aliyekisoma.

Mtaniuliza, “Kaka, vitabu pesa.” Kweli. Lakini pale Barabara ya Bibi Titi kuna Maktaba Kuu ya Taifa, ilifunguliwa Desemba 9, 1967, na mikoani kuna matawi. Kuna wauza vitabu vya mitumba wanaopanga kando ya barabara, ukijua kupatana unaondoka na viwili kwa bei ya soda chache. Na kuna dawa kubwa kuliko zote: mnunue watano, kila mtu kimoja, mzungushane. Kwa hela ya kimoja umesoma vitano.

Ila nawaombeni kitu, hasa mlio na vitabu vya zamani majumbani. Riwaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hazikuchapwa tena. Baadhi ya wachapishaji wamekufa, waandishi wengi nao wametangulia. Kezilahabi alituacha Januari 2020. Ile nakala iliyochanika jalada, ambayo shangazi anafungia vitumbua, inawezekana ndiyo ya mwisho mtaani kwenu. Mwombe kwa heshima, mnunulie magazeti ya kufungia (haya yetu yanafaa sana, mkishasoma), kisha ukishone na ukipitishe kwa mwingine.

Basi niandikieni: kitabu gani kilikukosesha usingizi, na kilikupeleka kwa kipi kingine? Na mama mwenye kabati, nasubiri taarifa ya jikoni.

Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa. Na wewe wa kwenye daladala, kituo chako kimeshapita!