Aliyeripoti naye ana haki ya kusikilizwa

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kuhusu mashauri ya ukatili wa kingono yanayofikishwa mbele ya kamati za nidhamu vyuoni. Nimefundisha chuo kikuu mpaka nikastaafu, na kwa kipindi fulani nilikuwa mjumbe wa kamati ya aina hiyo. Naiomba Tume itoe utaratibu mmoja wa maandishi kwa vyuo vyote, unaotaja haki za anayelalamika na za anayelalamikiwa, na chuo kisichoufuata kiulizwe wakati wa kuomba ithibati.

Niliyoyaona hayajanitoka moyoni. Nje ya chumba cha kikao palikuwa na benchi moja. Binti aliyelalamika kwamba alishikwa kwa nguvu hosteli aliketi ncha moja, kijana aliyetuhumiwa ncha ya pili, na kati yao mkoba wa mama wa kijana. Mwenyekiti alichelewa, wakakaa hivyo muda mrefu. Binti alipoingia aliulizwa alikuwa amevaa nini, akasimulia huku akitazama sakafu, kisha akaambiwa asante, nenda. Uamuzi aliusikia kwa wenzake darasani. Kijana naye alikuwa ameletewa wito jana yake jioni, umeandikwa “utovu wa nidhamu” na hakuna zaidi, kwa hiyo aliingia bila kujua anajibu nini.

Nilipohoji, nilijibiwa kwamba binti ni shahidi tu, kesi ni ya chuo.

Hapo ndipo tulipokosea, Ndugu Katibu Mtendaji. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu yeyote, haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Kamati inapoamua kama kijana abaki chuoni, inaamua pia kama binti ataweza kuendelea kuishi hosteli ileile na kusoma maktaba ileile bila hofu. Basi apewe nakala ya uamuzi na sababu zake, aruhusiwe kuja na mtu wa kumsindikiza, na asiporidhika akate rufaa kama mwenzake.

Wapo wanaohofia kwamba haya yatamkandamiza mtuhumiwa. Sikubaliani nao. Tuhuma aandikiwe kinagaubaga, apewe muda wa kujiandaa, aone ushahidi, na asihukumiwe na mtu mwenye maslahi katika shauri. Uamuzi uliofanywa kienyeji Mahakama Kuu inaweza kuutengua, na hapo binti analazimika kusimulia yote upya.

Mtuhumiwa akiwa mhadhiri, mambo huwa magumu zaidi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au upendeleo. Lakini wakati uchunguzi ukiendelea, nani anasahihisha mtihani wa binti aliyelalamika? Nimeona mwanafunzi aliyelalamika akiendelea kuwa chini ya mkono wa mtu aliyemlalamikia, na matokeo yalipobandikwa ana sapu. Huenda alistahili kushindwa, huenda hakustahili. Hakuna aliyeweza kujua, na hilo peke yake ni dhuluma. Utaratibu uagize kazi zake zipelekwe kwa msahihishaji mwingine, na msimamizi wa utafiti wake abadilishwe siku ile lalamiko linapopokelewa, bila kusubiri hukumu.

Kamati isijifanye polisi. Anayesema amebakwa aelezwe palepale kuhusu fomu ya polisi ya PF3 na apelekwe hospitali mapema, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Asiwepo mshauri wa wanafunzi wa kumwambia “tulimalize hapahapa” kwa ajili ya jina la chuo.

Ombi langu la mwisho ni la lugha. Kanuni nyingi za wanafunzi zimeandikwa kwa Kiingereza kizito cha kisheria. Huu utaratibu utoke kwa Kiswahili pia, na rasimu yake ipelekwe kwa serikali za wanafunzi na madawati ya jinsia waichambue kabla Tume haijaipitisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri mstaafu,
Dar es Salaam