Nani Abebe Dari Kuukuu?

Ndugu wafanyakazi wa ujenzi wa Uganda, kazi za kukarabati majengo zimezidi. Ofisi na nyumba za zamani zinabomolewa dari, na mahali pake zinapigwa bodi mpya za jasi, zile ambazo mafundi huziita jipsamu. Mkataba wa kazi hutaja bei ya bodi, misumari na rangi. Kuhusu vifusi mara nyingi hamna kitu, au kuna neno moja tu: kusafisha. Na msafishaji ni kibarua wa siku, mwenye kandambili na toroli. Anaambiwa katupe, na pa kutupa haambiwi.

Sisi tunasema jambo hili ni la mkataba, liandikwe na lilipiwe.

Dari kuukuu na bodi mpya si taka za namna moja. Katika majengo ya zamani zipo dari na mapaa ya asbesto, na kwa macho tu si rahisi kuitambua. Ikivunjwa kwa nyundo hutoa nyuzi ndogo mno, na zikiingia mapafuni nyingine hukaa humo daima. Saratani yake huweza kutokea baada ya miaka 20, hata 40, wakati kontrakta amekwisha kusahau jina lako. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu.

Mkataba Namba 162 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1986, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unataka ubomoaji wa asbesto ufanywe na wenye ujuzi waliotambuliwa na serikali, kwa mpango ulioandikwa kabla. Taka zitupwe bila kudhuru wafanyakazi wala wakazi wa jirani. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani, kuzisafisha ni juu ya mwajiri. Hilo la nguo tunalikazia, maana anayekung'uta shati lile jioni ni mama watoto, na mtoto yuko mgongoni.

Bodi za jasi si hatari kama asbesto, na hapo ndipo waajiri husema tunagombana na vumbi. Lakini vipande vyake vikifukiwa pamoja na taka zinazooza, penye maji na pasipo hewa, vijidudu huigeuza jasi kuwa gesi inayonuka mayai viza. Ikiwa nyingi mahali palipofungika, gesi hiyo huua. Vipande safi viwekwe peke yake, pakavu, maana vinaweza kusagwa na kutumika tena.

Watasema ni gharama. Gharama ipo hata leo, ila anayeilipa ni kibarua kwa mapafu yake.

Wawakilishi wa matawi, kabla nyundo ya kwanza haijapigwa mwulizeni kontrakta: dari hii imepimwa? Nani ataibeba, inakwenda wapi, na kwa fedha ya nani? Asipojibu, andikeni jengo na tarehe, mlete ofisi ya tawi.