Mafuta ya Karafuu na Jino Bovu

Wanachama wenzetu, mwanafunzi wa udaktari wa meno hujaza madaftari kwa masomo mengi, na matatu kati yake yatuhusu sisi wakulima kuliko tudhanivyo: maradhi ya kinywa, tiba ya mwili mzima, na vifaa vya kuzibia meno. Katika hilo la tatu huandika habari za zao letu. Yafaa nasi tuyajue ayaandikayo, maana mafuta ya karafuu hayakosekani majumbani mwetu, na wengi wetu twayatumia vibaya.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo, baina ya 70 na 90 katika kila 100, ni kitu kiitwacho yujenoli. Ndicho kinukiacho, na ndicho kitiacho ganzi. Makonyo nayo yanacho kwa wingi, na kiwanda cha Wawi, Pemba, huyakeneka kwa ajili hiyo. Daktari wa meno huchanganya yujenoli na unga mweupe wa oksidi ya zinki, akaukoroga mpaka ukawa donge mfano wa unga uliokandwa, kisha akaushindilia katika tundu la jino. Unyevu hauzuii donge hilo kukauka, bali hulihimiza. Likishakuwa gumu huziba tundu na kutuliza maumivu, ila ni kizibo cha muda tu. Wala halipatani na vile vizibo vya kisasa vyenye rangi ya jino, kwa kuwa yujenoli huvizuia visigande sawasawa. Basi daktari akiiacha karafuu yetu kabatini, tusimnunie.

Tofauti yake na sisi ni hii. Yeye huondoa uozo kwanza, ndipo atie dawa. Sisi huchovya pamba katika mafuta, tukaiweka juu ya uozo wenyewe, maumivu yakatulia, tukapanda mkarafuu kuchuma. Baada ya siku kadhaa jino likaacha kuuma kabisa, nasi tukasema limepona. Somo la maradhi ya kinywa lasema vingine: jino lililokesha likiuma kisha likanyamaza lenyewe, aghalabu kiini chake kimekufa. Vijidudu hupenya hata ncha ya mzizi, usaha ukakusanyika katika mfupa wa taya. Ukienea chini ya taya pande zote mbili, ulimi huinuliwa, mgonjwa asiweze kumeza, mwisho hata pumzi ikawa taabu. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na mpaka leo huua asiyewahishwa hospitali.

Na mwili hauko mbali na kinywa. Mwenye kisukari, jipu la jino humpandishia sukari, na sukari nayo hulifanya jipu liwe gumu kupona. Mwenye valvu mbovu za moyo yumo hatarini vijidudu vya kinywani kuingia katika damu na kufanya makao moyoni. Watu hawa wasingoje hata siku moja.

Mafuta yenyewe yasiyochanganywa huunguza ufizi na ulimi. Kwa watoto ni sumu. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa baina ya mililita 5 na 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alipoteza fahamu, akapatwa na degedege, ini lake likadhurika, akanusurika kwa shida. Sisi twaiacha chupa dirishani.

Wapo wasemao daktari yuko mbali, na nauli ni fedha. Kweli, wala hatuwalaumu. Lakini mtu aliyekesha kwa jino hafai kuwa juu ya mkarafuu, na siku zinazopotea kwa taya lililovimba hupotea wakati karafuu ziko tayari mtini, nazo hazimngoji mtu.

Rai yetu ni kwamba kila tawi la chama limwandikie daktari wa meno wa wilaya yake, limwombe aje kabla ya msimu kuwatazama wachumaji na watoto wao. Katibu wa tawi aanze sasa kuandika majina ya wenye meno mabovu, wenye kisukari na wenye maradhi ya moyo watangulie.