Boti ya Chuma Si Geti

Wenzetu wa viwandani na mashambani,

Ukiteremka kutoka Old Kampala kuelekea Kisenyi, utasikia nyundo na kuona cheche za kuchomelea tangu asubuhi. Fundi anayejua kuchomelea chuma vizuri anaweza kuunda hata boti ya matanga ya kutembelea ziwani. Hilo hatulibishi. Tunalolipinga ni tajiri anayeleta ramani ya boti kutoka nje, kisha akaibadilisha kwa mdomo: ongeza chumba juu, refusha mlingoti, weka viti vingine.

Geti likikosewa hurudishwa likarekebishwa. Boti ikikosewa hupinduka na watu.

Tufanye hesabu. Bamba la chuma la milimita 4 lina uzito wa kilo 31 hivi kwa kila mita mraba. Paa la mita mraba 10 ni zaidi ya kilo 300, nazo zimekaa juu, mahali pabaya kabisa. Chombo cha matanga husimama kwa sababu ya farumi, yaani uzito uliowekwa chini ili kisipinduke. Ukiongeza juu bila kupima chini, upepo wa ziwani utamaliza kazi. Tena maji yasiyo na chumvi hubeba kidogo kuliko maji ya bahari. Boti iliyochorwa kwa ajili ya bahari, ikiletwa Nalubaale, hukaa chini zaidi.

Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV K Palm ilizama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono. Watu zaidi ya 30 walikufa. Serikali ilisema boti hiyo haikuwa na leseni na ilijaza watu kupita kiasi. Abiria hawezi kuijua boti kwa kutazama rangi yake. Fundi ndiye anayejua kilichofunikwa na rangi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari. Ni haki nzuri, lakini inamlinda yeye mwenyewe. Sisi tunataka alindwe pia anapokataa kutengeneza hatari itakayowaua wengine.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila badiliko lichorwe na kupigiwa hesabu na mtaalamu wa vyombo vya majini kabla chuma hakijakatwa. Pili, boti ijaribiwe majini kwa mizigo kabla ya kupakia mtu. Tatu, fundi anayekataa kazi ya hatari asifukuzwe wala asikatwe mshahara.

Ninyi mnaoendesha boila za kiwandani, nanyi mnaosafirishwa kwenye trela za miwa zilizoongezwa mbao ubavuni, jambo ni lile lile. Lijadilini katika matawi yenu, na wawakilishi wenu walipeleke mbele ya waajiri.